Duka la jumla linapotaka kuwa benki: kisa kutoka Newala

Mfanyabiashara mmoja wa Newala, mkoani Mtwara, mwenye duka kubwa la jumla mjini na matawi mawili upande wa barabara ya Tandahimba, alinipa mpango wake wa biashara niupitie kabla hajautia saini. Anauza sukari, unga, mafuta ya kula, saruji, bati, misumari na mabomba ya kupulizia mikorosho. Kwenye kona ya kaunta ana mashine ya wakala wa benki na simu za laini za mitandao yote. Wateja wanamwita Mjomba, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake na la duka nayaacha, na mambo madogo madogo nimeyabadili ili asitambulike.

Mpango wenyewe ni huu. Uwakala unampa kamisheni ndogo, na kila siku anaona fedha nyingi za watu zikipita mikononi mwake kwenda benki. Anajiuliza kwa nini asizibakize. Anataka kadi ya duka ambayo mteja anaiwekea fedha msimu wa korosho na kununulia bidhaa mwaka mzima. Anataka kukopesha fedha taslimu kuanzia Januari mpaka mnada wa korosho ufunguliwe. Anataka kuuza bima. Na lile daftari la watu wanaomwachia akiba zao, ambalo analo tangu zamani, anataka alifanye huduma rasmi yenye risiti na kitambulisho.

Nimeukubali nusu na kuukataa nusu. Nitaeleza kwa nini, maana najua wenye maduka wengine wa Masasi, Nachingwea na Ruangwa wana wazo kama hili, na wazo lenyewe si la kipuuzi.

Nianze na kile ambacho duka linaweza na benki haiwezi. Siku za malipo ya mnada, mkulima anafika kaunta na kadi au simu, anataka kutoa laki nne. Mjomba anazihesabu noti kutoka kwenye droo ya mauzo, mashine inatoa risiti, na floti yake, yaani salio la uwakala lililo kwenye mashine, inapanda kwa kiasi kile kile. Mkulima hajazikunja noti anauliza bati geji 30 ni bei gani leo. Tuseme ni 28,000. Anachukua kumi, anahesabu laki mbili na themanini, noti zinarudi kwenye droo zilimotoka. Jioni Mjomba anachukua ile floti iliyopanda anamlipa mwenye kiwanda Dar es Salaam kwa kuhamisha tu, hakuna mtu aliyebeba begi la fedha barabarani.

Mzunguko huo ndio utajiri wake. Tawi la benki siku hiyo lina foleni mpaka nje, na wakala mdogo asiye na duka anaishiwa fedha taslimu saa nne asubuhi, anabaki na floti ambayo hawezi kumpa mtu mkononi. Duka linaloingiza mauzo kutwa nzima lina noti muda wote. Mkulima anahudumiwa haraka, benki inapunguziwa foleni, Mjomba anapata kamisheni na mauzo juu yake. Hakuna aliyeumia.

Kuna kampuni kubwa imejenga benki nzima juu ya jambo hilo. Mwaka 2001 Japani, wenye maduka ya 7-Eleven walianzisha benki ambayo baadaye iliitwa Seven Bank. Hawakukimbilia kukopesha. Waliweka mashine za kutolea fedha ndani ya maduka, na benki nyingine zinawalipa ada kila mteja wao anapotumia mashine hizo. Mtu anayeingia kutoa fedha ananunua na chakula. Nilimwambia Mjomba kwamba biashara yake ya uwakala ni jamaa wa karibu wa biashara hiyo, na kwamba kabla ya kutafuta mlango mwingine aangalie kama huu ameutumia wote. Matawi yake mawili hayana mashine ya benki mpaka leo. Mkulima wa huko anapanda boda mpaka mjini kutoa fedha, nauli inamla, na akishafika mjini ananunua kwa mwingine.

Kipande hiki cha mpango kilihitaji sharti moja tu. Msimu ukikolea, vijana wa kaunta huwa wanamwomba mteja "ya maji" juu ya makato ya kawaida. Wakala wa benki haruhusiwi kumtoza mteja ada yake ya pembeni. Ni fedha ndogo inayoweza kumpotezea Mjomba mkataba mzima, na mkulima aliyelima mwaka mzima hastahili kukatwa tena kwenye kaunta. Hilo alilikubali papo hapo.

Sasa mikopo, na hapa ndipo penye mambo mengi.

Mtu wa mbali anadhani mkulima wa korosho ana fedha kwa sababu anasikia bei za mnada. Msimu wa 2024/25, ulipoanza kuuzwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Ni bei nzuri. Lakini fedha hiyo inaingia kati ya Oktoba na mwishoni mwa mwaka, kisha inabidi ifike mpaka Oktoba nyingine. Januari kuna sare, madaftari na mahitaji ya bweni. Masika kuna palizi, na palizi ni vibarua wanaolipwa taslimu. Kuanzia Mei na Juni kuna kupulizia. Salfa, dawa ya mikorosho, inayotolewa kwa ruzuku ya serikali imepunguza mzigo, ila mafuta ya bomba, matengenezo na ujira wa mpuliziaji haviko kwenye ruzuku. Kule Lindi wenye ufuta hupumua kidogo katikati ya mwaka. Juu huku Newala, asiye na zao jingine anasubiri.

Katika kusubiri huko, Mjomba tayari anakopesha, ingawa mwenyewe haiiti mikopo. Anatoa mali kauli, yaani bidhaa sasa na malipo baadaye. Bati la 28,000 taslimu anaandika 35,000 ukilipa msimu. Haoni kama ni riba, na wateja wake wengi ni Waislamu ambao hawataki kusikia riba. Kwa mafundisho yanayofuatwa na wengi, kuuza kwa mkopo kwa bei ya juu kuliko ya taslimu hakuna ubaya, mradi bei imekubaliwa siku ile ya kuuziana na haiongezeki mtu akichelewa. Mjomba hilo analishika. Aliyechelewa haongezewi hata shilingi mia.

Tatizo liko kwa anayechukua bati asizohitaji. Nilikaa pembeni ya kaunta mchana mmoja wa Machi. Akaja baba wa makamo, akamsalimu Mjomba kwa heshima, akaomba bati kumi za mali kauli. Mjomba akamuuliza, "Unaezeka nyumba masika hii?" Yule baba akajibu, "Nina vibarua shambani, Mjomba, wewe niandikie tu." Akaandikiwa laki tatu na nusu. Bati hazikufika kijijini. Zilifika kwa fundi wa jirani aliyezinunua kwa 22,000 moja. Yule baba aliondoka na laki mbili na ishirini mfukoni na deni la laki tatu na nusu la kulipa baada ya miezi sita. Amekopa 220,000, atarudisha 130,000 juu yake. Ni karibu asilimia 10 kwa mwezi, na hakuna mahali popote palipoandikwa asilimia.

Angekopeshwa fedha zile zile na mkopeshaji mwenye leseni, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa miezi sita angelipa 46,200 juu ya 220,000. Tofauti ni zaidi ya 80,000, na kwa 80,000 unapata vibarua wa palizi.

Ndiyo maana sikumzuia Mjomba kukopesha fedha. Nilimwambia akopeshe, tena aanze mapema, lakini kwa njia yake halali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imegawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni la wanaopokea amana, yaani benki. La pili ni la wakopeshaji wasiopokea amana, na wanapewa leseni na Benki Kuu. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo. La nne ni vikundi vya kijamii, kwa maana ya vikoba na wenzake. Mjomba anaingia daraja la pili: anafungua kampuni tofauti na duka, anaweka mtaji usiopungua shilingi milioni 20, na fedha anayokopesha ni yake. Mteja anapewa mkataba unaosema amechukua kiasi gani, atarudisha kiasi gani na lini. Kwa wateja wasiotaka riba anaendelea na mali kauli, ila kwa mwenye haja ya bati kweli, na bei zote mbili ziandikwe kwenye karatasi moja, ya taslimu na ya mkopo, mtu aone anachokubali.

Alinung'unika kidogo kuhusu leseni. Alisema mikoa hii imejaa wakopeshaji wa kausha damu wasio na karatasi hata moja, na hakuna anayewagusa. Wanaguswa. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila kibali. Zaidi ya hilo, Mjomba ana duka linaloonekana, lenye mlango na bango. Mkopeshaji wa kwenye simu akifungiwa anabadili jina. Mwenye duka akifungiwa anapoteza duka.

Nilimwonya pia kuhusu kitu ambacho wauzaji wakubwa duniani wamejifunza kwa gharama. Kumjua mnunuzi hakukufanyi umjue mkopaji. Pale Mexico, kampuni ya Elektra, wauzaji wa friji, televisheni na pikipiki, ilianzisha Banco Azteca mwaka 2002 na matawi yake yakawekwa ndani ya maduka. Ilifaulu kukua. Lakini mteja wake analipa kila wiki, kidogo kidogo, na asipolipa kuna mtu wa pikipiki anayefika nyumbani kwake. Kampuni inajua ndani ya siku chache kama mkopo umeanza kuharibika, na inabana kabla deni halijawa kubwa. Mjomba hawezi kufanya hivyo. Mkulima wake hana cha kulipa kila wiki. Mkopo wa Februari hauna dalili yoyote, nzuri wala mbaya, mpaka Oktoba au Novemba. Wakopaji wote watajulikana kwa pamoja, na kwa kuwa wote wanategemea mnada mmoja, wakishindwa watashindwa kwa pamoja.

Hapo nikamkumbusha mwaka 2018. Msimu uliotangulia, wa 2017/18, ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 300,000 za korosho nchini na bei zilizopanda mpaka kupita 4,000. Watu walijenga, wakanunua pikipiki, na wenye maduka wakakopesha kwa moyo mweupe. Oktoba 2018 wakulima wakazikataa bei za mnada kwa kuwa zilikuwa ndogo. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri kuliko iliyokataliwa. Fedha ndiyo iliyochelewa. Uhakiki ulifanyika, wenye kilo zaidi ya 1,500 wakafuatwa mpaka mashambani kuthibitishwa, na wapo waliongoja miezi. Mjomba alikuwepo. Daftari lake la mwaka huo lina kurasa zenye mistari ya wino mwekundu ambayo haikufutwa kamwe.

Sasa tuweke mpango wake wote ndani ya mwaka kama ule. Waliokopa hawalipi, kwa sababu hawajalipwa. Walioweka akiba kwake wanakuja kuzichukua zote, kwa sababu hawajalipwa. Na mauzo ya duka yanaanguka kwa sababu ile ile. Benki yenye matawi Mwanza, Arusha na Dar es Salaam ikikosa malipo Newala inashikiliwa na wafugaji, wafanyakazi na wafanyabiashara wa kwingine. Mjomba hana kwingine. Mkopaji wake, mwekaji wake na mnunuzi wake ni mtu mmoja, mwenye shamba moja, anayesubiri mnada mmoja.

Akikopesha mtaji wake tu na mwaka ukawa mbaya, ataumia yeye. Ni mtu mzima, ana maduka matatu, atajikusanya. Akiwa ameshika akiba za watu, wataumia wajane na wazee ambao hawakuwa hata sehemu ya biashara.

Kwa hiyo nililikataa lile daftari la akiba, na hapo ndipo tulipobishana sana.

Alijitetea kwa maneno ya kweli. Watu wenyewe ndio wanaomwomba. Mama mmoja anamaliza kupokea malipo yake anamwambia, "Mjomba, niwekee laki mbili mpaka shule zifunguliwe, nikizipeleka nyumbani hazitafika." Anajua kwamba benki ipo. Anasema benki ina makato, ina foleni, na ina kijana asiyemjua. Mjomba anamjua mpaka mama yake mzazi. Anamwambia, "Hesabu mbele yangu, mama," anaandika, mama anaweka dole gumba. Hakuna aliyewahi kudhulumiwa.

Sina shaka na uaminifu wake. Nilichomwonyesha ni mahali fedha ile ilipokuwa Desemba iliyopita. Haikuwa kwenye sefu. Akiba zinajaa Desemba, na Desemba ndiyo anapofuata mzigo Dar es Salaam. Fedha za daftari ziliingia kwenye mzigo. Hakuiba, alizitumia akijua atauza na kuzirudisha. Januari akina mama wakaja na wanafunzi wao. Laki mbili za yule mama zilikuwa zimekaa stoo kwenye mifuko ya sukari. Nilimsikia kijana wa kaunta akimshauri kwa upole, "Shangazi, chukua unga na mafuta kwanza, fedha Mjomba atakutumia." Yule mama akasema mtoto hatavaa unga. Alilipwa siku ile ile, baada ya kijana kutumwa tawi jingine kukusanya mauzo ya asubuhi. Kama wangekuwa wamekuja kumi kwa pamoja, wa nne angeondoka mikono mitupu, na habari hiyo ingefika kijijini kabla yake.

Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inakataza kupokea amana za watu bila leseni, na sababu yake ni ile mifuko ya sukari. Mwenye leseni anatakiwa kuwa na mtaji wa kubeba hasara kabla haijamfikia mwekaji: bilioni 15 kwa benki ya biashara, bilioni 2 kwa benki ya kijamii. Anatakiwa kubakiza fedha ya kulipia wanaokuja kesho. Na anachangia Bodi ya Bima ya Amana, ambayo benki ikifungwa inamlipa kila mwekaji mpaka kikomo, sasa shilingi milioni 7.5. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mara moja kwa kukosa mtaji wa kutosha, na mojawapo ilikuwa benki ya ushirika ya wakulima kule Kagera. Wenye amana walikuwa na mahali pa kwenda kudai, ingawa kikomo wakati ule kilikuwa milioni 1.5 tu. Mama wa laki mbili, duka likifilisika, anasimama mstari mmoja na mwenye kiwanda cha saruji, tena nyuma yake, maana mwenzake ana ankara na wakili.

Kadi ya duka ni daftari lile lile kwa sura ya plastiki. Ukipokea fedha ya mtu leo ili aitumie kidogo kidogo mwaka mzima, umeshika fedha yake. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015 inataka mwenye huduma ya namna hiyo awe na kibali, na fedha za wateja zitengwe. Kampuni za simu zinazoshika fedha zetu zinaziweka kwenye akaunti maalumu za benki, mbali na fedha zao za matumizi. Aliyemuuzia Mjomba wazo la kadi alimwonyesha rangi na nembo. Hakumwambia hilo.

Mjomba akaniuliza swali zuri: mbona wakubwa wa Ulaya na Marekani wanafanya? Nikamweleza walivyofanya. Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya rejareja ya Marekani, iliomba mwaka 2005 kufungua benki yake jimbo la Utah. Mabenki madogo ya miji midogo yalipinga kwa nguvu kubwa, msimamizi wa bima ya amana akasimamisha maombi ya aina hiyo, na Machi 2007 Walmart ikayaondoa maombi yake. Haikukaa bure. Ilifungua kaunta za kuhamisha fedha na kubadilisha hundi, na kadi zilizotolewa na taasisi nyingine zenye leseni. Walichukua kamisheni, hatari ya amana wakaiacha kwa mwenyewe. Tesco ya Uingereza ilipata leseni kweli. Ilianza 1997 kwa ubia na Royal Bank of Scotland, ikanunua sehemu ya mbia wake mwaka 2008 kwa pauni milioni 950, ikajaribu kuwa benki kamili. Mwaka 2019 iliuza mikopo yake ya nyumba. Mwaka 2024 ikauza sehemu kubwa ya benki kwa Barclays, ikabakiza bima, mashine za kutolea fedha na kadi za zawadi. Sainsbury's, mshindani wake, nayo mwaka huo huo ilitangaza kujiondoa kwenye benki. Hawa walikuwa na mtaji, leseni na mamilioni ya wateja wanaokuja dukani kila wiki, na bado waliona mtaji unaofungwa na benki unalipa zaidi ukirudi kwenye biashara ya vyakula.

Bima sikuitolea maneno mengi. Akitaka kuiuza, asajiliwe na mamlaka ya bima, aanze na ya pikipiki kwa kuwa wateja wapo tayari, na asiichanganye na mkopo kwa namna ambayo mtu hajui analipia nini.

Kuna mambo mawili zaidi yaliyokuwa kwenye mpango ambayo niliyakuta kurasa za nyuma, kwenye sehemu ya udhamini.

La kwanza lilisema mkopaji akishindwa, duka litachukua korosho ghafi kwa bei itakayokubaliwa. Hilo ni kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima nje ya mfumo rasmi, hata likiandikwa na mwanasheria. Korosho ya huku inapita kwenye chama cha msingi, ghalani, mnadani, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anayelipa deni kwa korosho kabla ya mnada anailipa kwa nusu ya bei au chini yake, na mwaka 2018 waliokutwa na korosho wasizoweza kuonyesha shamba lake walizuiliwa malipo. Nilikifuta kipengele chote kwa kalamu na Mjomba hakubisha. Pamoja nacho tukaondoa orodha ya wadaiwa aliyokuwa anaibandika mlangoni. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 jambo hilo lina hatari zake kisheria, na hata bila sheria, mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe zake haji tena kulipa, anazunguka njia nyingine.

Badala yake nilipendekeza mikopo midogo, isizidi sehemu ndogo ya mauzo ya korosho ya mtu katika msimu wake mbaya miongoni mwa ile iliyo kwenye risiti zake za AMCOS, yaani chama cha msingi. Risiti hizo wakulima wanazitunza, na zinasema ukweli kuliko ahadi. Pia jumla ya mikopo yote isivuke kiasi ambacho Mjomba anaweza kukikosa mwaka mzima na bado akalipa mishahara na kufuata mzigo. Kiasi hicho tulikipiga hesabu kwa kutumia mauzo yake ya 2018/19, si ya mwaka jana.

Kuhusu akina mama wa daftari, tumekubaliana awalipe wote kabla ya Januari, na kila anayelipwa afunguliwe akaunti pale pale kaunta kwa kupitia benki anayoiwakilisha, Mjomba mwenyewe akiwa amekaa naye. Anayetaka fedha isiguswe mpaka shule zifunguliwe aelezwe akaunti za muda maalumu. Tandahimba ilikuwa na benki yake ya jamii, ambayo imeingia kwenye Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Aprili 2025, kwa hiyo hata neno benki si geni kwa bibi wa huku. Wachache wamekwisha kukubali. Wapo wawili watatu waliokataa katakata, wanasema fedha yao haiendi kwa mtu wasiyemjua ukoo. Kwa hao Mjomba amenunua sefu ndogo, kila mmoja na bahasha yake iliyofungwa na kuandikwa jina, na ufunguo mmoja anao mke wake. Kisheria sijaridhika bado. Ila bahasha haiwezi kwenda Dar es Salaam kununua sukari.

Jambo la pili la zile kurasa za nyuma bado linatugombanisha. Mpango unasema mkopaji ataacha dukani kadi yake ya benki na namba ya siri mpaka amalize deni, ili malipo ya mnada yakiingia duka lijikate lenyewe. Mjomba anasema bila hilo hakuna atakayelipa, na kwamba wakopeshaji wote wanafanya hivyo. Mimi nasema kutoa namba ya siri kunavunja masharti ya benki, na kwamba wakala wa benki anayeshika kadi za watu na namba zake ana uwezo wa kutoa fedha yote ya kijiji kwa mashine yake mwenyewe usiku mmoja, yeye au kijana wake wa kaunta. Nimemwambia aombe benki imwekee utaratibu wa mteja kuagiza makato mwenyewe, kwa saini yake, kwa kiasi kilichoandikwa. Ameahidi kwenda kuuliza. Kipengele kile kikibaki, maombi ya leseni ayapeleke bila jina langu kwenye hesabu.